Betri Iliyoanikwa Juu ya Bati

Kitu cha kwanza alichokiona Djamila kilikuwa chai. Alikuwa ameweka glasi ya baba yake juu ya betri, mahali inapowekwa kila asubuhi, na chai ikakaa upande. Huku ilikaribia ukingo, kule ilikuwa mbali. Aligeuza glasi. Chai ikaegemea upande uleule. Akatazama meza, akatazama sakafu, kisha akainama kuitazama betri yenyewe. Mgongo wake, ambao siku zote ulikuwa bapa kama kifuniko cha sanduku, ulikuwa umeinuka katikati kama andazi lililoanza kuiva.

Hakusema neno. Djamila hakuwa mtu wa kusema neno. Zamani, alipokuwa anasoma, mwalimu aliweza kumwandika hayupo siku ambazo yupo, naye hakunyoosha mkono kukataa. Alihamisha glasi, akaiweka juu ya kigoda, akachukua ufagio.

Baba yake, mzee Alimasi, alitoka ndani akiwa amevaa kanzu na kofia, akakaa barazani nyuma ya meza yake. Hapo ndipo watu wa mtaa walipoleta simu zao kunywa moto, kama wanavyosema, yaani kuchajiwa. Kabla ya betri alikuwa muuza sabuni na chumvi, na watu walimwita muzee Alimasi. Tangu betri ifike wanamwita Patroni, yaani bosi, na jina hilo lilikuwa limemnenepesha. Alibonyeza kitufe. Taa ndogo ya kijani haikuwaka. Akabonyeza kwa kidole kingine. Akasema bismillahi, akabonyeza tena.

"Mama Djamila!" aliita. "Nani aligusa kitu yangu?"

"Kitu yako njo ipi?" Aziza, mkewe, alijibu kutoka jikoni. "Kila kitu ndani ya nyumba hii ni yako, hata moshi."

"Betri! Haiamuki!"

"Labda ilichoka na ile safari ya jana."

Safari ya jana ilikuwa ya kupanda juu ya nyumba. Mawingu yalikuwa yamefunika Kasongo kwa siku nyingi, paneli ya jua haikupata kitu, na betri ilikuwa dhaifu. Jana jua lilipotoka kwa hasira, mzee alifanya kile ambacho kila mtu wa Kasongo anafanya kwa betri za tochi zikizeeka: aliianika. Mawe ya tochi ukiyaanika mchana, usiku yanakupa mwanga kidogo tena. Hata mtoto anajua. Basi akaweka ngazi, akaibeba betri begani kama mtoto mgonjwa, akailaza juu ya bati. Kisha, kwa kuwa magoti yake hayapendi ngazi, akamwita Djamila. "Panda, uigeuze. Upande wa pili nao uonje jua." Djamila alipanda, akaigeuza kama anavyogeuza mihogo, na alasiri waliishusha ikiwa ya moto mpaka ikabidi aifunge ndani ya kitenge chake. Jioni taa ya kijani iliwaka kwa muda. "Umeona?" mzee alisema. "Hii njo akili."

Sasa ilikuwa asubuhi, na akili ilikuwa imevimba.

* * *

Betri hiyo haikuwa betri ya kununua tu. Ilikuwa mahari ya Djamila. Siku ya ndoa imamu aliuliza mahari ni nini, na Amisi, baba mkubwa wa bwana harusi, akajibu kwa sauti ya mtu anayetangaza mfalme: "Betri ya litiamu, pamoja na paneli yake." Imamu aliuliza tena, akidhani masikio yamemchezea. Nyuma ya pazia wanawake walicheka mpaka mmoja akakaa juu ya sahani ya pilau. Mji ulisema habari hiyo muda mrefu. Wengine wanaolewa kwa mbuzi, huyu ameolewa kwa umeme.

Kwa dini, mahari ni ya bibi harusi mwenyewe. Kila mtu anajua. Lakini mizigo ya Djamila ilipofungwa kwenye pikipiki ya Ayoubu, mume wake, kwenda Nyangwe, mzee Alimasi aliitazama betri, akaitazama barabara, akasema mashimo yataiua. Afadhali abaki nayo, awatunzie, mpaka wajenge nyumba ya bati. Ayoubu alikuwa mkwe mpya na mkwe mpya habishani. Djamila alikuwa Djamila. Kwa hiyo betri ilibaki Kasongo ikifanya kazi kila siku, na faida ilikaa ndani ya mfuko wa kanzu ya mzee. Na Djamila, aliyekuja siku chache tu kusalimia mama yake, alikuwa anaipangusa vumbi kama mgeni.

Watu walianza kufika. Wa kwanza alikuwa Emilienne, muuza samaki, ambaye simu yake ililala hapo.

"Patroni, mutoto wangu amekunywa?"

"Bado kidogo."

Emilienne aliichukua simu, akaibonyeza, ikabaki nyeusi. "Bado kidogo? Hii imekufa kuliko samaki zangu! Mutu wa Kindu ananipigia leo juu ya muzigo. Nitamujibu na nini, na kikapu?"

"Ngoja, mama, jua itoke."

"Juzi nilikuomba deni, ukanifokea mbele ya watu, ukasema moto si maji ya mutoni. Leo nionyeshe hiyo moto yako basi."

Kabla mzee hajajibu, kelele zilitoka mlango wa pili. Kinyozi Antoine alikuwa ameunganisha mashine yake kwenye betri hiyohiyo kwa waya mrefu, na mashine ilikuwa imezimika katikati ya kichwa cha mteja. Mteja alikuwa polisi. Alitoka nje na shuka shingoni, upande mmoja wa kichwa ukiwa safi kama yai, upande mwingine msitu.

"Nani njo mwenye umeme hapa?" polisi aliuliza.

Watu wote walimtazama mzee Alimasi. Mtu aliyeitwa Patroni tangu msimu wa mvua hawezi kusema mbele ya polisi mwenye nusu ya nywele kwamba amepika betri juu ya nyumba yake mwenyewe. Aliinuka, akakunja mikono.

"Kosa si yangu," alisema. "Betri hii tulipewa ikiwa mugonjwa. Wakwe wetu wa Nyangwe walituletea kitu yenye maradhi."

Watu wakasema "Aaa!" kwa pamoja, na sauti hiyo ilimpendeza.

"Hata mbuzi ya mahari," Antoine alisema, "ikikufa mbele ya kuzaa, walioileta wanaleta ingine."

"Njo desturi," Emilienne alisema.

"Njo desturi!" mzee alirudia, akiwa sasa anakimbia mbele ya maneno yake mwenyewe. "Na Djamila hatarudi Nyangwe mpaka walete betri ingine. Semeni kwa kila mutu."

Nyuma ya mlango Djamila alikuwa amesimama na ndoo ya maji kichwani. Maji yakamwagika begani, na hakuyapangusa. Karanga zake huko Nyangwe zilikuwa tayari kung'olewa. Na Ayoubu alikuwa amesema, "Nikirudi kutoka Lusangi nitapita kukuchukua," naye Djamila alikuwa ameosha kanga ya kusafiria, ilikuwa juu ya kamba pale, karibu kukauka.

* * *

Ayoubu alifika mchana akiwa mwekundu wa vumbi kutoka kofia mpaka viatu. Kazi yake ilikuwa kubeba mawe ya madini. Wachimbaji wa Lusangi walijaza magunia, yeye akayafunga kwenye pikipiki, akapita Kabambare kwa madaraja ya miti miwili, akayafikisha kwenye ghala la wanunuzi hapa Kasongo. Alikuwa amenawa uso tu. Mkononi alishika mfuko wa sukari, kwa sababu mkwe haji mikono mitupu.

Kwa kawaida aliketishwa kwenye kiti chenye mto. Leo mzee Alimasi alimwonyesha kigoda, kile kidogo ambacho Aziza anakalia akichambua mchele. Ayoubu alikaa, magoti yakafika karibu na masikio.

"Mukwe," mzee alisema, "mbuzi yenu imekufa."

"Mbuzi gani, baba? Miye sikuleta mbuzi."

"Njo nasema ile." Mzee alionyesha meza kwa kidevu.

Ayoubu aliiona betri juu ya meza. Aliijua kama mtu anavyojua pikipiki yake. Akainuka, akaipapasa mgongo. "Lakini hii imeota tumbo!"

"Ilikuwa nayo tumbo toka kwenu. Ilikuwa inaficha."

"Baba, nilimaliza msimu muzima wa kubeba mawe juu ya kupata kitu hii. Nilianguka na pikipiki mutoni pale Luama, nikashika gunia, nikaacha kiatu. Miye nilete kitu mugonjwa kwa Djamila?"

"Mbuzi nayo mutu analeta akifikiri ni muzima."

"Hii si mbuzi, baba."

"Njo shida yake!" mzee alisema, na hapo alikuwa anasema kweli kutoka moyoni. "Mbuzi ikikufa tunakula nyama, tunauza ngozi, mambo yanaisha. Hii ikikufa tutakula nini? Haina hata supu!"

Ayoubu alijaribu kutocheka, akashindwa. Mzee naye mdomo ukamcheza.

"Wanasema dawa ya ndani yake, hiyo litiamu, iko nyingi kule Manono," Ayoubu alisema. "Na haya mawe ninayobeba miye nayo yanaingia ndani ya mashine kama hizi. Yanatoka kwetu juu ya pikipiki, yanapanda meli, yanazunguka dunia, yanarudi kuuzwa hapa sokoni."

"Na yakirudi," mzee alisema, "yanarudi na bei ya kizungu, na hayatujui tena."

"Hata kusalimia hayasalimii."

Walicheka wote wawili, na kwa muda mfupi walikuwa tu wanaume wawili wa Maniema walioibiwa na mtu yuleyule. Kisha mzee alikumbuka kwamba ana hasira.

"Lakini betri ni betri. Lete ingine, uchukue muke wako."

Djamila aliingia na maji ya kunywa. Aliinama, akampa mumewe kikombe kwa mikono miwili, macho yakiwa kwenye vidole vya miguu yake vyenye vumbi. Ayoubu, kwa adabu, hakuweza kumsemesha mbele ya baba yake. Alimtazama mzee, akauliza kwa sauti kubwa: "Na Djamila iko muzima?"

"Iko," mzee alijibu.

"Anakula?"

"Anakula."

"Muambie karanga zinamungoja. Na hata wengine wanamungoja."

"Nitamuambia," mzee alisema, na Djamila alikuwa amesimama hatua moja tu kutoka kwao. Kooni mwake maneno yalikuwa yamepanga mstari kama watu kwenye chemchemi. Hakuna hata moja lililotoka. Alichukua kikombe kitupu, akarudi jikoni.

"Weye uliona," mama yake alimwambia akipuliza moto. "Ulikuwa juu ya nyumba. Sema."

"Ni baba, mama."

"Ni baba, ndiyo. Kwangu ni bwana, na miye nayo sijasema. Basi tuko waoga wawili ndani ya jiko moja." Aziza alikohoa moshi, akacheka. "Lakini weye njo utakosa bwana. Miye wangu ninaye, bahati mbaya."

* * *

Ayoubu aliondoka peke yake, na habari inatembea haraka kuliko pikipiki. Kwenye chemchemi wanawake walimuuliza Djamila kama ni kweli amerudishwa. Mmoja alimshauri atafute dawa ya kumrudisha mume. Mwingine alisema huko Nyangwe watu wanasema bibi wa Ayoubu ameshikwa rehani kama baiskeli. Djamila alijaza ndoo, akatabasamu, akaondoka, na njiani akasimama nyuma ya kichaka cha ndizi mpaka uso ukauke.

Kisha Amisi alikuja mwenyewe. Baba mkubwa wa Ayoubu alikuwa mtu mkubwa kwa umri, kwa tumbo na kwa sauti; alikuwa amefanya biashara ya mitumbwi Nyangwe na alizoea kuongea na watu wa ng'ambo ya mto Lualaba. Alikuja na Ayoubu, na nyuma yao alikuja Marcellin, fundi wa radio wa karibu na misheni.

"Nimemuleta huyu," Amisi alisema baada ya salamu ndefu, "kwa kuwa ni Mukatoliki. Si ndugu yenu, si ndugu yetu. Mahari haimuhusu hata kidogo."

"Miye nilioa kwa mbuzi," Marcellin alisema. "Zilikuwa nzima zote, asante Mungu."

Aliomba karai la mchanga, akaweka betri juu yake, akaambia watu warudi nyuma. Mzee Alimasi alibaki mbele, kwa kuwa ni nyumba yake. Marcellin alifungua skrubu polepole. Ndani hakukuwa na maji wala dawa ya kumwagika. Kulikuwa na pakiti bapa za rangi ya fedha, zimepangwa moja juu ya nyingine kama pakiti za majani ya chai dukani. Za juu zilikuwa zimelala vizuri. Za chini zilikuwa zimevimba, na moja ilikuwa ya mviringo kama mto wa kulalia.

"Yesu," fundi alisema. "Hii ilikuwa ndani ya moto?"

Mzee Alimasi alikohoa. "Moto gani? Hapa tunauza moto, hatuunguzi."

"Nauliza tu. Hii si sawa mawe ya tochi, muzee. Hii inaogopa joto. Ikipata joto inavimba. Ikizidi, inawaka yenyewe na nyumba inaifuata."

Mzee alivuta kiti chake nyuma mpaka ukutani.

"Imekufa?" Amisi aliuliza.

"Nusu. Hizi za chini hazina kazi tena. Hizi za juu ninaweza kuziunga tena, na itakuwa betri. Itawasha simu, itawasha taa, lakini itachoka mapema." Alitoa waya wake wa lehemu mfukoni, akamwonyesha Ayoubu. "Unaona hii? Ni mawe kama yale unayobeba. Yalikwenda mbali, yakayeyushwa, yakasoma, yakarudi na kazi."

"Na miye kila siku nabeba yale hayajasoma," Ayoubu alisema.

Lakini wazee hawakuwa na muda wa kucheka. Neno nusu lilikuwa limeanguka katikati yao kama mfupa.

"Basi," mzee Alimasi alisema, "nusu ilikuwa mugonjwa. Mulete nusu ingine."

"Nusu ilikufa mikononi mwenu," Amisi alisema. "Tulileta nzima, mbele ya imamu. Kama tunalipa nusu, muke wetu naye anarudi nusu?"

"Sawa! Arudi nusu!"

"Nusu gani?"

"Chagueni ile inayokoroma!" Aziza alipiga kelele kutoka jikoni. "Hii ingine muniachie, iko inanisaidia kutwanga!"

Marcellin alicheka peke yake, akaona hakuna anayecheka, akarudi kwenye kazi yake. Amisi alikuwa ameinuka. Tumbo lake lilifika kwanza mbele ya mzee Alimasi, kisha yeye.

"Mukwe, niko nakuuliza mara moja. Joto ya namna hii haitoki ndani ya simu za watu. Ilitoka wapi?"

"Ilitoka Nyangwe."

"Nyangwe tunapika samaki, hatupiki betri."

"Kwa hiyo miye ni muongo? Ndani ya nyumba yangu?"

"Sijasema muongo. Nasema utuambie."

"Miye sina cha kuambia watu waliotuletea mzoga!"

Amisi alivaa kofia yake. Aliivaa taratibu, na kila mtu barazani alielewa maana yake, hata Mkatoliki. "Haya. Mubaki na betri yenu, mubaki na mutoto wenu. Tutatafuta muke mahali wanapotaka mbuzi. Ayoubu, simama, twende."

Ayoubu hakusimama. Alikuwa kwenye kigoda, mikono imeshika magoti, anamtazama baba yake mkubwa kama mtu ambaye daraja limekatika akiwa katikati. "Baba mukubwa..." alianza.

"Nimesema twende."

"Tuliianika."

Hakuna aliyejua sauti imetoka wapi. Walitazama mlango. Djamila alikuwa amesimama hapo na sinia ya chai.

"Nini?" Amisi aliuliza.

"Tuliianika. Juu ya bati. Baba na miye." Aliitazama ngazi. "Jua ilikuwa kali. Miye njo niliigeuza."

"Muliigeuza?"

"Sawa mihogo."

Mzee Alimasi alitazama kofia yake iliyokuwa mikononi, akaikunja, akaikunjua. "Nilitaka ipate nguvu," alisema kwa sauti ndogo, sauti ya wakati ule alipouza sabuni. "Mawe ya tochi yanapata nguvu."

Marcellin alianza. Alijaribu kuuma midomo, mabega yakamsaliti, akainama juu ya karai la mchanga akicheka mpaka machozi. Amisi alibana uso. Aliubana vizuri sana, kwa heshima ya umri wake, kisha ukamponyoka. "Subhanallah!" alisema, tumbo likitikisika. "Na miye nimeacha mawe ya tochi yangu juu ya nyumba asubuhi hii! Mungu asaidie mvua isinyeshe!" Sasa hata Ayoubu alicheka, na Aziza alitoka jikoni na mwiko mkononi ili acheke karibu.

Djamila peke yake hakucheka. Alikuwa ameweka sinia chini, kwa kuwa alijua akiishika itaanguka, na alijua pia kwamba akinyamaza sasa hataanza tena.

"Na betri ni yangu," alisema.

Kicheko kilikatika.

"Imamu aliuliza mbele ya watu wote. Alisema mahari ya Djamila. Hakusema ya baba, hakusema ya Nyangwe. Ile iliyokufa ilikuwa yangu. Ile iliyobaki ni yangu. Miye simudai mutu kitu." Akamgeukia fundi. "Uiunge. Nitakwenda nayo nyumbani."

Mzee Alimasi alimtazama Amisi apate msaada, kwa sababu hata adui ni mzee mwenzako. Lakini Amisi alikuwa amevua kofia na alikuwa anaipangusa vumbi ambalo halikuwepo. Ugomvi aliokuja nao kutoka Nyangwe ulikuwa umechukuliwa mikononi mwake, na hakujua achukue wapi mwingine.

"Mutoto amesema kweli," Aziza alisema. "Chai inapoa."

* * *

Marcellin aliunga pakiti zilizobaki nzima barazani hapo, moshi wa lehemu ukipanda, watoto wa mtaa wakitazama kutoka mbali. Taa ya kijani ilipowaka, mzee Alimasi aligeuza uso, kama mtu anayeona mke aliyemwacha amependeza.

"Na hizi zilizovimba?" aliuliza. "Nizitupe chooni?"

"Ukizitupa chooni, muzee, siku moja choo itakutupa weye." Fundi alizipanga ndani ya kopo la mchanga, moja moja, bila kuzibana. "Nyumbani niko na debe zima la namna hii. Wanaotuuzia wanajua njia ya kuja. Kuja kuchukua mizoga yao, njia wanaisahau."

"Na malipo yako?"

"Nitapewa na mwenye betri," Marcellin alisema, akamtazama Djamila. Djamila akaona haya, akamwambia karanga zikitoka atamletea kikapu. Fundi akasema mke wake anapenda karanga kuliko anavyompenda yeye.

Wakati wa kuondoka mzee Alimasi hakutaka mtu mwingine aguse betri. Aliifunga mwenyewe kwenye pikipiki, nyuma ya paneli, kwa kamba za mpira. Alipomaliza akaona jua linaipiga. Akaingia ndani, akatoka na kanzu yake ya zamani, akaifunika, akaingiza pembe zote chini kama anavyofunika mtoto.

"Mukwe," alimwambia Ayoubu kwa uso mzito, "usiiweke juani. Inaogopa joto."

"Nimesikia, baba," Ayoubu alisema, na alistahili pepo kwa jinsi alivyozuia uso wake.

"Watu wengi hawajui ile."

"Hawajui, baba."

Mzee alitazama meza yake tupu. Kesho angerudi kuuza sabuni. Antoine kinyozi alikuwa ameshatoa mkasi wake wa zamani na alikuwa anaunoa kwa jiwe. Emilienne, akipita na kikapu, alisema, "Kwaheri, Patroni," na mzee hakujua kama ni heshima au ni kisu.

Djamila alimbusu mama yake mikono, akapanda nyuma ya pikipiki, akashika kamba. Alimwona baba yake amesimama peke yake karibu na ngazi, mdogo kuliko jana. Alisikitika. Na kwa kuwa alisikitika, na kwa kuwa leo koo lake lilikuwa limefunguliwa na hakujua namna ya kulifunga tena, alitaka kumwambia jambo moja asije akafikiri binti yake ameichukua betri kwa kuipenda.

"Baba!" aliita.

Ayoubu alikuwa ameshapiga teke, na injini ilinguruma.

"Unasema?" mzee aliuliza, mkono sikioni.

"Siku ile mulipokaa kuchagua mahari! Baba mukubwa akasema mbuzi, weye ukasema betri!"

"Sisikii!"

"Hakuna mutu aliniuliza!"

"Nini?"

Djamila alivuta pumzi, akapiga kelele kwa nguvu zote ambazo hakuwahi kuzitumia shuleni, wala kwenye chemchemi, wala nyuma ya pazia siku ya ndoa yake. Na Ayoubu, akitaka kumsaidia mkwe wake asikie, alizima injini wakati uleule, kwa hiyo maneno ya mkewe yalitoka katika ukimya, yakapita barazani, yakafika kwa kinyozi, kwa muuza samaki, kwa Amisi na kwa nusu ya mtaa:

"Miye sikutaka betri! Nilitaka mashini ya kushona, na Ayoubu!"